Mbio za Babati na Hesabu ya Chapati

Edmonton ni mji wa Kanada wenye baridi kali, na wakazi wengi wa Babati hawana sababu ya kuujua. Hata hivyo watoto wa mkoa wao wa Manyara wamevuna dhahabu huko mara mbili. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika mjini humo. Miaka 27 baadaye, mwaka 2005, Fabiano Joseph Naasi, mzaliwa wa Babati, alikwenda kwenye mji uleule akatwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Mwaka 2003 na 2004 alikuwa ameshika nafasi ya pili katika mashindano hayohayo, kwa hiyo hakuna aliyesema amebahatisha.

Ukiuzunguka mji wa Babati majina yanazidi. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968. Karatu alizaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974. Ikungi, mkoani Singida, ametoka Alphonce Simbu, ambaye Septemba 2025 alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Sifa hizi zina hasara yake. Zimewaaminisha watu wa kawaida kwamba mbio ndefu ni mali ya vijana wembamba waliokulia kuchunga ng'ombe. Mwalimu mwenye kitambi, karani wa halmashauri, mama mwenye duka la jumla ambaye ameambiwa kliniki kwamba presha imepanda: mwambie yeyote kati yao aanze kukimbia, atacheka. Makala haya yanamhusu huyo anayecheka. Na jambo la kwanza analostahili kuambiwa ni lile ambalo watangazaji wa mazoezi hawapendi kulitaja: mbio zitamfaa sana, ila si kwa sababu anayoidhania.

Tangu Manyara ilipomegwa kutoka Arusha na kuwa mkoa mwaka 2002, Babati, makao makuu yake, imejaza ofisi, na ofisi ni viti. Mtu wa mitaa ya Maisaka au Bagara aliyekuwa akifika mjini kwa miguu sasa anapanda bodaboda hadi mlangoni pa kazi, anakaa mpaka jioni, halafu anarudi kwa bodaboda nyingine huku amepakata mfuko wa chipsi mayai. Hilo si la Babati peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 26 wana uzito uliozidi, na kwa wanawake peke yao ilikuwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Presha ya kupanda ilikutwa kwa karibu asilimia 26, na kisukari kwa asilimia 9. Mwili ukiongezeka watu bado wanapongeza, "umenawiri, umependeza", na aliyepungua anaulizwa kama anaumwa. Ni vigumu kuanza mazoezi katikati ya pongezi za namna hiyo.

Lakini kusema Mtanzania wa kawaida hajui kukimbia ni kusahau mchakamchaka. Kizazi baada ya kizazi cha shule za msingi kimeanza siku kwa foleni ya watoto wanaokimbia kabla ya kuingia darasani, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, vumbi likiwafuata nyuma. Hakuna aliyepewa saa wala kuulizwa amekimbia kilomita ngapi. Mwendo ulikuwa ule unaomruhusu mtu kuimba. Bila kujua, walimu wale walikuwa wakifundisha kanuni ambayo makocha wa dunia waliifikia kwa kuzunguka sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Auckland, kocha Arthur Lydiard aliwakusanya watu wazima ambao hawakuwa wanariadha, baadhi yao wagonjwa wa moyo, akawakimbiza taratibu kwa ajili ya afya. Wakati huo wazo hilo lilionekana kama wazimu, kwa kuwa mgonjwa wa moyo alitakiwa alale. Mwaka 1962 kocha wa Kimarekani Bill Bowerman, aliyekuwa na miaka 51 na kitambi kidogo, alikwenda kuwatembelea akaalikwa kukimbia nao. Aliishiwa pumzi kwenye kilima cha kwanza, na mzee wa zaidi ya miaka 70 akalazimika kupunguza mwendo ili amsindikize. Bowerman alirudi Oregon akaanza kuwakimbiza majirani, akaandika kitabu kilichoeneza mbio za pole Marekani nzima, kisha akashiriki kuanzisha kampuni ya viatu ambayo leo inaitwa Nike.

Tanzania wimbi hilo lilifika kwa sura yake yenyewe. Klabu za jogingi za Dar es Salaam na Zanzibar, zenye fulana za rangi moja na nyimbo za kujibizana, ni mchakamchaka wa watu wazima. Zanzibar wana siku yao ya mazoezi kila Januari 1. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, ikatangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya kunyoosha viungo. Babati nayo ina uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ambako Oktoba 14, 2023 zilihitimishwa Mbio za Mwenge, mbio ambazo, tuseme ukweli, siku hizi sehemu kubwa ya njia hukimbizwa kwa magari.

Basi mtu aanze vipi? Aanze kwa kutembea, na aanze polepole kuliko anavyoona aibu.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya mkononi. Alfajiri barabara za pembezoni mwa Babati zina watu: waendesha baiskeli wenye madumu ya maziwa, watoto wa shule, wazee wanaokwenda shamba. Mkimbiaji mwenye adabu hawezi kupita kimya. Anamwona mzee anasema "Shikamoo", mzee anaitikia "Marahaba, hujambo? Nyumbani hawajambo? Mbona unakimbia, kuna nini?" Akiweza kujibu maswali yote matatu bila kusimama na bila maneno kukatika, mwendo wake ni sahihi. Akiishia kwenye "Shika..." na mkono juu, amezidisha. Wataalamu wa mazoezi hukiita kipimo cha mazungumzo, na ni cha kuaminika kwa anayeanza kuliko vifaa vingi vinavyouzwa.

Makosa hutokea hapa. Mtu anaamka Jumatatu na hasira za kitambi, anakimbia kama Simbu hadi pumzi inakata, Jumanne haendi msalani bila kushika ukuta, Jumatano anarudia kwa ubishi, Ijumaa ugoko unauma, na wiki inayofuata raba ziko chini ya kitanda. Sababu iko mwilini. Moyo na mapafu hujirekebisha haraka, ndani ya wiki chache pumzi inakuwa ndefu. Mifupa na kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, huchukua miezi. Kila hatua ya mbio hutua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 85 anabamiza mguu mmoja kwa uzito wa karibu kilo 200 au zaidi, maelfu ya mara. Mwezi wa pili ndio wa hatari kuliko wa kwanza, kwa sababu pumzi inamwambia anaweza na goti bado halijawa tayari.

Dawa yake ni kuchanganya mbio na kutembea. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga mpango wa wiki 9 kwa ajili ya watu wa aina ya mama yake, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na hajawahi kukimbia. Siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza ni sekunde 60 za mbio za pole na sekunde 90 za kutembea, kwa kupokezana, dakika 20 basi. Mbio zinarefuka kidogo kidogo, na mwisho wa mpango mtu anakimbia nusu saa mfululizo. Mamilioni ya watu duniani wameufuata. Asiyeweza wiki ya kwanza airudie. Mwenye kilo nyingi atembee haraka mwezi mzima kabla ya kukimbia hatua moja.

Aliyehamishiwa Babati kikazi kutoka Dar au Tanga asishangae akiona pumzi imekuwa fupi. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kuliko aliyoizoea. Baada ya majuma kadhaa mwili unazoea. Akhwari mwenyewe, aliyekulia juu zaidi ya Babati, alibanwa misuli kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mji ulio kwenye mita 2,240. Akaanguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea kwa kuchechemea, akitembea na kukimbia. Alimaliza wa mwisho, wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Leo Akhwari anatajwa duniani kuliko aliyeshinda. Anayeona haya kutembea katikati ya mbio ana mtangulizi mwenye heshima.

Njia za kukimbilia Babati ni nyingi, ila si zote zinafaa saa zote. Mji umekaa kwenye makutano ya barabara kuu: moja inakwenda Arusha kupitia Magugu, moja Dodoma kupitia Bonga na Kondoa, nyingine Singida kupitia Dareda na Katesh. Lami inavutia miguu, lakini malori na mabasi ya alfajiri hayana simile. Anayelazimika kuitumia akimbie upande wa kulia, akitazamana na magari yanayokuja, avae nguo nyeupe au ya kung'aa, na asiweke muziki masikioni. Barabara za vumbi za ndani ni bora kwa mwili na kwa roho.

Kando ya Ziwa Babati ni pazuri kuliko pote, na pana wenyewe. Viboko hutoka majini usiku kula majani nchi kavu na kurudi alfajiri, na mnyama huyo akikatiwa njia yake ya kurudi majini hana mzaha. Kwa mwendo wa dharura anamshinda binadamu. Kwa hiyo ziwani ni baada ya kupambazuka kabisa, nako Babati jua huchelewa kidogo, kati ya saa 12 na robo na karibu saa 1 asubuhi kutegemea mwezi. Miteremko ya Mlima Kwaraa, unaofika mita 2,415, iachwe kwa ajili ya mwaka wa pili. Masika udongo wa njia huganda kwenye raba mpaka mguu unakuwa mzito maradufu. Juni na Julai kuna baridi na upepo, na ndiyo miezi mizuri ya kukimbia kwa anayeweza kulitupa blanketi.

Kuhusu raba: za dukani ni ghali, za mtumba zinatosha, mradi mtu ajue kuchagua. Ashike kiatu kwa mikono miwili na kukikunja. Kinapaswa kukunjika mbele, pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Abonyeze soli kwa dole gumba upande. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo, sponji imeshakufa hata kama juu kinang'aa. Akitazame kwa nyuma kikiwa juu ya meza: kilicholalia upande mmoja kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Mwisho akivae jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na abakize nafasi ya dole gumba mbele. Muuzaji atanung'unika. Amwache anung'unike.

Sasa kitambi chenyewe, maana wengi wameanza kwa ajili yake.

Kuna hesabu rahisi inayotumiwa na wataalamu: kukimbia kilomita 1 hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia kama kalori 400. Ni kazi ya dakika 40 au zaidi kwa anayeanza, jasho linamtoka, uso umemvimba. Anafika nyumbani, chai ipo. Chapati moja kubwa iliyokaangwa kwa mafuta ina kalori 250 hadi 300. Akila mbili, kilomita zote tano zimerudi na nyongeza juu. Akikosa chapati akanywa soda ya chupa, ni kama 140 au 150. Bia ya nusu lita ni karibu 200, na mara chache huwa moja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zipatazo 7,700. Mtu huyo wa kilo 80, akikimbia hizo kilomita 5 mara tatu kwa wiki na asiongeze hata tonge, atahitaji zaidi ya wiki sita kuiondoa kilo hiyo moja.

Na mwili haukai kimya. Unaleta njaa. Unamfanya aliyekimbia asubuhi akae zaidi mchana, apande bodaboda kwa safari ambayo jana angeitembea. Unabana matumizi mahali pengine pasipoonekana.

Ushahidi wa kushangaza kuliko wote juu ya hili ulikusanywa jirani kabisa na Babati. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kuzunguka Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, ni watu wa kutembea: wanaume wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake waliwapima watu wazima 30 kwa kuwanywesha maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia inayoonyesha kwa usahihi nishati yote ambayo mtu ametumia kwa siku nyingi. Walitarajia kukuta matumizi makubwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hatumii nishati nyingi kwa siku kuliko mkazi wa mjini Marekani anayeshinda kwenye kiti. Wanasayansi bado wanabishana mwili unabana matumizi kwa kiasi gani na kwa namna gani. Lakini kwa mwenye kitambi wa Babati ujumbe uko wazi: Wahadzabe ni wembamba kwa kile wanachokula na wasichokipata kula, si kwa sababu miguu yao inaunguza kila kitu.

Hapo msomaji anaweza kuvua raba akarudi kitandani. Asubiri kidogo. Utafiti mwingine kuhusu watu haohao, wa mwaka 2017, ulikuta kwamba shughuli zao za kutoa jasho zinafikia zaidi ya saa mbili kwa siku, na vihatarishi vya magonjwa ya moyo kwao ni nadra hata uzeeni. Miguu haikuamua uzito wao, ila inaelekea ilisaidia kuilinda mioyo yao.

Faida ya mbio iko huko. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya Wamarekani 55,137 waliofuatiliwa kutoka kliniki moja ya Dallas kwa wastani wa miaka 15. Waliokimbia walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 30 kuliko wasiokimbia, na kwa vifo vya moyo na mishipa ya damu tofauti ilikuwa asilimia 45. Cha kutia moyo ni kwamba hata waliokimbia dakika 5 hadi 10 tu kwa siku, kwa mwendo wa pole, walionyesha faida kubwa. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, presha hushuka kiasi, usingizi unakuwa mzito. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito; mbio za pole mara tatu zinamfikisha.

Hofu ya magoti nayo imekuzwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta ugonjwa wa kusagika kwa viungo vya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano. Anayekimbia kwa kiasi yuko salama kuliko aliyekaa.

Na kwenye uzito wenyewe mbio hazikosi kazi, ila kazi yake ni ya mlinzi. Nchini Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 kuwafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Karibu wote walipungua kwa kubadili chakula, na asilimia 90 hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, wengi wao kwa kutembea. Kupungua kuna mbinu nyingi. Kutorudi kule ulikotoka bila miguu ni kwa wachache.

Kwa hiyo mkimbiaji wa Babati ana kazi mbili, na ya pili iko mezani. Bahati nzuri wilaya hii haina haja ya vyakula vya ajabu. Mbaazi zinalimwa kwa wingi, ngwara ipo, perege na kambale wanavuliwa ziwani, mboga za majani ziko sokoni kila siku. Mchele wa Magugu unanukia mpaka mtu anaomba sahani ya pili, na tatizo ni hiyo ya pili. Mafuta ya alizeti ndiyo mtego mkubwa zaidi. Yanasifiwa kwamba hayana lehemu, na ni kweli, lakini kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, sawa na mafuta mengine yoyote. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima anaweza kuongeza kilomita tano za mbio kwenye sufuria moja ya mboga. Anayetaka kupungua aanze na vitu vitatu: soda, vya kukaanga, na kipimo cha mafuta. Ugali hauna kosa kama wanavyousingizia, mradi usiwe mlima.

Wanawake ndio wenye uzito uliozidi kuliko wanaume, na ndio wenye nafasi finyu ya kukimbia. Saa 12 asubuhi, wakati wengine wanatoka kukimbia, mama anawasha moto, anaandaa watoto wa shule. Giza la alfajiri si salama kwake peke yake, na maneno ya vijiweni hayapendezi. Wanaofanikiwa mara nyingi ni wale waliojiunga wawili au watatu, wakaamua siku na mahali pa kukutana, iwe jioni au Jumapili. Vazi si kikwazo: suruali pana, dera fupi juu yake, hijabu ya kitambaa chepesi, na sidiria iliyobana vizuri, ambayo ina maana kuliko raba. Magdalena Shauri, Mtanzania aliyeshika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, ni ushahidi kwamba mbio si jambo la wanaume peke yao.

Aliyevuka miaka 40, mwenye presha, sukari au ndugu waliokufa ghafla kwa moyo, apime kwanza hospitali. Anayetumia dawa za sukari abebe pipi mfukoni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo ya moyo yanayorukaruka ni ya kusimama palepale na kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kichomi cha mbavu si cha kuogopesha, kinapita mtu akitembea na kuvuta pumzi ndefu.

Anayetaka lengo la karibu anaweza kutazama Moshi. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu mwaka 2003 mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ina kilomita 42, kilomita 21, na kilomita 5 za kujifurahisha ambako watu wanatembea, wanaimba na kubeba watoto mabegani. Aliyeanza mpango wa wiki 9 mwanzoni mwa Desemba atakuwa tayari kwa hizo tano.

Mizani itamkatisha tamaa majuma ya mwanzo, kwa kuwa misuli iliyochoka hushika maji na uzito unaweza hata kupanda. Utepe wa fundi cherehani husema kweli zaidi. Upitishwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ameshusha pumzi, asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa mwezi. Kwa watu wa Afrika Kusini mwa Sahara mpaka unaotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ni sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Wapo wanaokimbia miezi mitatu, mizani ikapungua kilo mbili tu, na utepe ukarudi sentimita tano. Sehemu ya mafuta yaliyoondoka hapo ni yale yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo madaktari huyahofia kuliko yale ya mapajani.